Mradi wa gepuk: shajara ya wiki saba, karai moja na Nini

Jumapili usiku, kesho inaanza wiki ya 1

Naanza kuandika leo leo maana najijua, nikisema kesho ndo basi tena. Mradi ni huu: nataka nijue kupika gepuk mwenyewe bila kushikwa mkono kabla munggahan haijafika, na zimebaki kama wiki saba.

Gepuk ni nyama ya ng'ombe ya Wasunda, wenyeji wa huku Java Magharibi, Indonesia, ukikaa Bandung hata wiki moja lazima ukutane nayo, kipande bapa cha kahawia kimelala pembeni ya wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, juu kimemwagiwa vitunguu vya kukaanga, ukikivuta kinaachia nyuzi nyuzi, mdomoni unaanza utamu, inafuata giligilani, afu pilipili inakuja mwishoni ushajisahau. Jina lenyewe maana yake kupondwa. Yaani nyama inachemshwa, inapondwa, inapikwa na tui na viungo na sukari mpaka ikauke, halafu ndo inakaangwa. Sehemu zingine za Java wanaita empal, ila Bandung ni gepuk.

Munggahan nayo ni ile siku watu wanakutana kula pamoja kabla Ramadhani haijaingia. Mtu wa pwani nikikwambia vunja jungu umeshamaliza kuelewa, tofauti ni kwamba hapa majani ya mgomba yanatandikwa chini mstari mrefu, kila mtu kaleta chake, wote mnakula hapo hapo kwa mkono, hiyo staili wanaita botram. Mwaka jana nilienda mikono mitupu kama mgeni. Mwaka huu Ibu, yaani mama mwenye nyumba (tunapanga vyumba kwake wanafunzi sita) kauliza kila mtu ataleta nini, mmoja kasema tofu, mwingine kachumbari ya huku, mimi mdomo ukaropoka "gepuk". Wakacheka wote. Asiyecheka ni mama yake Ibu, bibi wa miaka themanini na kitu, tunamwita Nini ambalo ndo bibi kwa Kisunda. Yeye aliniangalia tu kama anavyoangaliwa mtu aliyesema ataogelea mpaka Unguja.

Kwa hiyo siwezi kurudi nyuma tena.

Wiki ya 1, Jumamosi

Jaribio la kwanza, na nasema mapema, lilikuwa aibu.

Asubuhi nilishuka soko la Simpang Dago. Nyama huku ni ghali, kilo inacheza rupia laki moja na thelathini elfu, hela ambayo mwanafunzi anakula tempe (soya iliyovundikwa) wiki nzima na inabaki, kwa hiyo niliamua majaribio yote yatakuwa nusu kilo nusu kilo. Nikamwambia Mang wa nyama (Mang ni kama mjomba, ndo unavyomwita muuzaji mwanaume aliyekuzidi) nipe nyama laini kuliko zote, akanipa has dalam, ile steki ya ndani ya mgongo. Hakuniuliza ya nini na mimi sikusema.

Nikaichemsha dakika arobaini, nikaikata vipande kwa kukatiza nyuzi kama mama alivyonifundisha kwenye mishikaki, nikaweka kipande cha kwanza kwenye jiwe nikashusha mchi. Kikapasuka vipande vinne. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu nilipiga kwa adabu kabisa, kikawa kama samaki wa kopo. Mwisho nilikuwa na bakuli la makombo, nikayatia viungo, tui la pakiti, sukari, nikapika robo saa, afu nikamwaga kwenye mafuta yaliyokuwa yanatoa moshi kwa sababu kichwani mwangu hiki ni chakula cha kukaangwa, na cha kukaangwa kinataka moto si ndiyo? Sukari iliungua chini ya dakika moja. Nyeusi, chungu, jiko zima limejaa moshi, mpangaji wa chumba cha kwanza akafungua mlango akafunga.

Nini aliomba kuonja. Nilikataa, akachukua mwenyewe. Akatafuna, akasema "kurang amis", akaondoka.

Hapo nilichoka. Maana kwa Kiindonesia amis ni shombo, ile harufu ya samaki. Ina maana bibi anasema nyama yangu haina shombo la kutosha? Nimelala nawaza hilo.

Wiki ya 2, Jumatatu

Nimeelewa, Ibu kanifafanulia huku anafuta machozi ya kucheka. Kwa Kisunda amis ni tamu. Nini alikuwa anasema utamu haujatosha. Na siyo neno hilo peke yake, lada kwa Kiindonesia ni pilipili manga, kwa Kisunda lada ni ukali wa pilipili, na pedes ya Kisunda ndo pilipili manga, wakati pedas ya Kiindonesia ndo ukali. Yaani wamegeuziana. Kwa hiyo kuanzia leo kwenye daftari naandika nani kasema na kwa lugha gani, la sivyo nitatia pilipili manga kwenye chakula kisichohitaji pilipili manga.

Ila utamu hautoshi jamani? Kitu kimeungua sukari mpaka kimekuwa mkaa na bibi anasema utamu hautoshi?

Kumbe ishu ni sukari yenyewe. Mimi niliweka sukari nyeupe. Gepuk inataka gula aren, Wasunda wanaita gula kawung, sukari ya mti wa kawung ambao ni jamii ya minazi na mitende, wanagema utomvu kama wagema tembo wa kwetu, badala ya kuuacha uchache wanauchemsha mpaka unakuwa mzito wanamimina kwenye vifuu au mianzi unaganda. Ukiukwangua unanukia moshi kidogo, una uchachu fulani kwa mbali na chumvi kwa mbali. Sukari guru yetu inakaribia ila ile ni ya miwa, ladha ni nyingine. Sukari nyeupe inakupa utamu wa juu juu tu, na inaungua tupu. Nimenunua magongo mawili ya kawung, la kwanza Ibu alilivunja akaangalia ndani akasema hili limechanganywa na nyeupe, gumu mno na linang'aa. La pili akalikubali.

Wiki ya 2, Jumapili

Sijapika. Nimesoma tu na kuuliza watu.

Nimerudi kwa Mang, safari hii nimesema ukweli kwamba napika gepuk. Akaweka kisu chini akanitazama. "Kang (yaani kaka), has dalam kwa gepuk?" Akacheka mpaka muuza kuku wa pembeni akataka kujua kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Basi nikapewa somo bure. Gepuk inataka nyama ya mguu wa nyuma, misuli iliyofanya kazi, yenye nyuzi ndefu zilizonyooka zinazoonekana kwa macho. Yeye anapendekeza gandik, ule msuli wa mviringo mrefu kama mkono wa mtoto mnene, mafuta hakuna. Wengine wanatumia penutup au pendasar, hizo nazo za pajani. Nyama laini ya mgongoni nyuzi zake ni fupi na hazijakaza, ukiiponda haina cha kushikilia. Nyama ngumu ndo inayostahimili kupigwa.

Wiki ya 3, Jumamosi

Jaribio la pili. Gandik nusu kilo.

Gesi ya hapa jikoni ni ile mitungi ya kijani ya kilo tatu, wenyewe wanaiita melon, na kwa wapangaji tunachangishana, kwa hiyo ukichemsha nyama masaa mawili kuna watu watakuangalia vibaya. Wenzangu wakanifundisha ujanja ambao naona kila nyumba huku inaujua, wanaita 5-30-7. Unachemsha dakika 5, unazima moto sufuria ikiwa imefunikwa vizuri dakika 30 bila kufunua hata kidogo, halafu unawasha tena dakika 7. Joto lililofungiwa ndani linaendelea kupika. Kwa kuku ni safi sana. Kwa gandik yangu, nilipoichoma uma uliingia nusu ukagoma. Nini kapita, kabonyeza kwa kidole: "teuas keneh", bado ngumu. Nikarudia mzunguko mwingine mzima, hapo uma ukaingia ila kwa kusukuma.

Nikadhani bado. Nikarudia wa tatu, ikalainika kabisa, nikafurahi. Kosa! Imelainika hivyo imebakiza nini cha kupondwa na kupikwa saa nzima tena kwenye tui? Ikaja kuvunjikia kwenye sufuria. Ila angalau makombo ya leo yalikuwa na ladha, tumekula na wali, hakikubaki kitu. Jamaa wa chumba cha tatu kasema nikiita hii abon, ile nyama ya kuchambuliwa nyuzi nyuzi ikakaushwa, hakuna atakayebisha. Asante sana.

Kumbukumbu: toa nyama motoni uma ukiingia kwa kusukumwa. Iache ipoe KABISA ndo ukate. Ya moto inachanika.

Wiki ya 4, Jumanne

Siyo ya mradi sana ila niandike. Tulienda Cirebon kikazi, nikaona kibanda kimeandikwa empal, nikasema hapa hapa nione wenzetu wanafanyaje. Ikaja supu. Bakuli la supu ya manjano ya tui na utumbo ndani! Kumbe empal gentong ya Cirebon ni mchuzi unaopikwa kwenye chungu kikubwa, gentong ndo chungu chenyewe, wala haina uhusiano na nyama ya kuponda. Nzuri lakini, nilimaliza na kuongeza.

Wiki ya 4, Jumapili

Jaribio la tatu, na leo wa kulaumiwa ni mama mzazi (shikamoo mama, ukisoma hii usikasirike).

Nilimtumia sauti kumuuliza habari za tui maana lilikuwa linanikatika kila mara, linakuwa kama maziwa yaliyochacha. Akanijibu kwa uhakika wote wa mwanamke wa Tanga: "Mwanangu, pikia tui jepesi, tui la kwanza lile zito litie mwishoni kabisa, likitokota mara moja epua, usiliache likaungua." Sahihi kabisa. Kwa samaki wa kupaka, kwa mchicha wa nazi, kwa maharage, kila kitu nilichokula utotoni kilipikwa hivyo, tui zito linaingia mwisho na halitakiwi kukauka.

Basi nikafanya hivyo. Nazi nimenunua sokoni pale kwenye mashine ya kukuna, nikakamua kwa mkono, tui zito pembeni, la pili na la tatu ndo nikapikia nyama, mwisho nikamimina lile zito, likatokota, nikaepua. Harufu ilinirudisha nyumbani. Nikachukua kipande kilicholowa tui tamu nikakitia kwenye mafuta ya moto.

Nina vidonda vitatu mkononi na kimoja shingoni.

Mafuta yaliruka mpaka ukutani. Maji ndani ya tui yakikutana na mafuta ya moto ni vita, na sukari iliyoko humo inang'ang'ania ngozi ukirukiwa. Nyama haikukaangika, ilichemka tena ndani ya mafuta, nje ikawa nyeusi ndani chepechepe. Ibu kaja na dawa ya meno kunipaka, nikamwambia maji baridi yanatosha, tukabishana kidogo.

Halafu ndo akaniambia kitu ambacho ningekiuliza siku ya kwanza ningeokoa hela nyingi: tui la gepuk linatakiwa liishe. Siyo lipungue, liishe. Unaweka lote pamoja mwanzoni, zito na jepesi, moto mdogo, unakoroga polepole mwanzoni lisikatike mpaka lichanganyike na viungo, halafu unaliacha linapungua, linakuwa zito, linaanza kutoa mafuta yake lenyewe, viungo vinaanza kuishika nyama, na unaendelea mpaka sufuria ibaki na nyama na chenga za viungo zinazometameta mafuta ya nazi tu. Hapo likikatika wala si hoja, linatakiwa likatike! Kazi yote ya gepuk inaishia pale. Kukaanga ni kumalizia tu.

Nilikaa kimya. Mwezi mzima nimekuwa nikihangaika na karai wakati chakula kinapikwa kwenye sufuria.

Rendang ya Waminang wa Sumatra nayo inakaushwa tui hivyo hivyo, tena masaa mengi zaidi, ila wao hawapondi wala hawakaangi. Nilikuwa naijua rendang tangu zamani ila akili haikuunganisha.

Wiki ya 5, Jumamosi

Leo Nini kashika kisu. Naandika yote maana sidhani kama itatokea tena.

Nilikuwa nimechemsha gandik nusu kilo, imepoa, nimeiweka ubaoni naanza kukata kama kawaida. Nyuma yangu nikasikia ulimi unagonga, tsk. Nini kaja anaburuza ndala, kaninyang'anya kisu bila kusema kitu, kaigeuza nyama robo mzunguko. Basi. Robo mzunguko tu. Badala ya kukatiza nyuzi akakata akizifuata, vipande vya kama unene wa kidole, virefu, ukivitazama nyuzi zimelala kama mkeka kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande.

Nikasema lakini Nini, ukikata hivi itakuwa ngumu kutafuna, kila mpishi duniani anasema katiza nyuzi. Ibu akatafsiri. Nini akajibu kwa mchi.

Jiwe la hapa wanaita coet, ni sahani nzito ya mawe siyo kinu kirefu kama chetu, na mchi wake ni mfupi umepinda wanaita mutu. Akaweka kipande, akapiga mara nne. Nilihesabu. Moja huku, moja kule, mbili katikati, wala hakunyanyua mkono juu ya bega, mutu unaanguka kwa uzito wake mwenyewe. Kipande kikatanuka, kikawa bapa, nyuzi zikaachana kidogo katikati unaona mwanga unapita, lakini kikabaki kimoja! Nyuzi ndefu zinashikana kwa urefu hata kama zimeachana kwa upana. Nilipokuwa nakatiza nyuzi zilikuwa fupi kama vijiti vya kiberiti, nikipiga vinasambaa. Na ule ugumu niliokuwa naogopa ndo unaondolewa na mutu, na zile nafasi kati ya nyuzi ndo viungo vinapoingilia.

Wiki nne nimedhani tatizo ni namna ninavyoponda. Nimebadilisha mchi, nimepiga kwa chupa, nimepiga kwa mfuko wa plastiki juu, nimeangalia video kumi na ngapi sijui. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye kisu, dakika tano kabla mchi haujaguswa.

Kipande cha pili akanipa mimi. Nikapiga mara nane. Tsk. Cha tatu nikapiga tano, kakaa kimya, na nimeanza kujifunza kwamba kimya cha Nini ni maksi za juu.

Tui tukalikausha kama alivyosema Ibu, saa nzima na dakika kadhaa. Kukaanga nilikaanga mimi na bado niliunguza vipande viwili, ila vile vingine aisee. Nilikula kimoja nimesimama kwenye sinki.

Wiki ya 6, Alhamisi

Leo mambo ya viungo, niweke sawa kabla ya siku yenyewe.

Laja ndo mhusika mkuu na mimi nilikuwa namdharau. Ni ndugu yake tangawizi, Kiindonesia lengkuas, mzizi mgumu wenye rangi ya waridi pembeni, harufu yake imekaa kama msonobari na limao. Nilikuwa natupia kipande kimoja kilichopondwa kama tangawizi ya kwenye chai. Inatakiwa ikunwe, nyingi, gramu mia kwa kilo ya nyama, halafu zile chenga zake zinabaki sufuriani tui likikauka, unazikaanga mwishoni kidogo tu zinakuwa kaukau unazimwagia juu ya nyama. Watu wananyang'anyana hizo chenga kuliko nyama.

Kemiri ni punje nyeupe yenye mafuta mengi mno, zamani walikuwa wanaziwasha kama taa, inafanya viungo vishikamane. Mbichi haifai, inavuruga tumbo, kwa hiyo zinakaangwa kavu kwanza pamoja na giligilani mpaka jikoni kunukie. Nikiwa nyumbani nadhani ningetumia korosho, sijui Nini angesemaje. Majani ya salam siyo yale makavu tunayotia kwenye pilau, nilidanganyika na muonekano, haya ni ya mti mwingine na harufu yake imetulia zaidi. Mchaichai na ukwaju hivyo ni vya kwetu kabisa, ukwaju huku wanaita asam jawa, uchachu wa Java, wakati mti wenyewe asili yake ni Afrika. Nikamwambia Ibu huu ukwaju ni wa kwetu, akasema basi nitaenda nao nikirudi.

Nilijaribu blenda kwa vitunguu na thomu. Inabidi utie maji ndo isage, na yale maji yanaongeza dakika ishirini za kukausha. Nimerudi kwenye coet.

Na kukaanga. Sukari ya kawung inaanza kuungua haraka, mafuta yakiwa moto wa kukaangia viazi umekwisha. Moto wa kati kwenda mdogo, mafuta kina cha kidole kimoja, kipande kinakaa dakika moja upande huu, nusu dakika upande ule, ukiona kingo zimeanza kuwa kama kahawa toa hapo hapo hata kama moyo unakwambia bado, maana kinaendelea kuiva nje ya mafuta. Mafuta yachuje kila baada ya vipande sita hivi, zile chenga zikibaki zinaungua zinafanya vyote viwe vichungu.

Wiki ya 7, Jumatano

Kipimo cha mwisho, nusu kilo, Nini kaonja: "lada teuing". Safari hii nimeelewa bila mkalimani, pilipili imezidi. Nimepunguza cengek, vile vipilipili vidogo, kutoka tano hadi mbili, wanaotaka moto kuna sambal, pilipili ya kusaga, pembeni. Amis hakusema kitu. Nimechukulia imepita.

Hesabu ya kilo moja basi, nisije nikapoteza: gandik kilo moja, tui la nazi moja kubwa kama mililita mia saba, sukari ya kawung gramu 150, vitunguu vidogo vyekundu kumi, thomu punje tano, giligilani kijiko cha chakula na nusu, kemiri tano, laja gramu mia, pilipili ndefu nyekundu tatu, cengek mbili, salam tatu, mchaichai miche miwili, ukwaju kijiko cha chai, chumvi kijiko cha chai na nusu. Maji ya kuchemshia nyama usimwage, nusu yake yanaingia na tui.

Wiki ya 7, Ijumaa usiku

Kesho ndo munggahan. Nimepika kilo mbili.

Niliweka sufuria jikoni saa mbili usiku, nikajua saa tatu na nusu nimemaliza. Sikufikiria kwamba ukiongeza nyama mara mbili kwenye sufuria ile ile nyembamba, tui linakuwa refu na halina pa kutokea mvuke. Saa nne bado linaogelea. Saa nne na robo moto ukawa wa bluu, ukawa wa njano, ukazima. Gesi imekwisha. Duka limefungwa, mvua ya Bandung inanyesha ile ya kwelikweli, tupo mita mia saba na kitu juu ya bahari na usiku kuna baridi, mimi nimesimama na kandambili na mwiko.

Teteh (yaani dada) wa nyumba ya pili, anatokea Garut, alinisikia nalalamika kwa Kiswahili ukutani akaja kuuliza kama kuna mtu kafa. Akaniletea mtungi wake na karai lake pana. Tukahamisha kila kitu kwenye karai, eneo likawa kubwa, saa tano kasoro tui likaanza kutoa mafuta, saa tano na dakika kumi na tano likawa limekwisha kabisa, chenga zimeshika nyama vizuri. Kaondoka na vipande vinne, haki yake. Amenikumbusha pia nikaangie hilo hilo karai asubuhi, nisikaange usiku, ya moto moto ndo tamu.

Vipande vilivyobaki nimehesabu thelathini na mbili.

Wiki ya 7, Jumamosi

Nilikaanga saa nne asubuhi. Viwili vimeungua kidogo kingoni, nikavila mwenyewe kuficha ushahidi. Thelathini vikaingia kwenye tray, chenga za laja juu, vitunguu vya kukaanga juu yake.

Majani ya mgomba yalitandikwa uani kama mita nne hivi, wali katikati, tofu, tempe, samaki wakavu, majani mabichi ya lalab, matango, sambal ya terasi (uduvi uliovundikwa) inayokutoa kamasi, na gepuk yangu ikawekwa karibu na anakokaa Nini, sijui nani kapanga hivyo. Watu tulikuwa kumi na saba. Nilijifanya nachambua samaki huku namuangalia kwa jicho la pembeni. Akachukua kipande, akakivuta kikaachia nyuzi ndefu, akatia na wali mdomoni, akatafuna muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Teuas saeutik," akasema. Ngumu kidogo.

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nilishajua hatakosa la kusema. Jamaa wa chumba cha tatu kala vinne, wa chumba cha kwanza aliyefunga mlango siku ile kala vitatu na kuniomba radhi. Tray ilipobaki na vichache, Nini akavuta kipande cha jani la mgomba pembeni, akachagua vitatu, vile vikubwa, akavifunga vizuri akabana kwa kijiti cha mwanzi, akavifutika kwenye pindo la kanga yake, maana na yeye anavaa kitambaa kiunoni kama bibi zetu, wao wanaita samping. Nikamuuliza Ibu kwa sauti ya chini hivyo anampelekea nani.

Ibu akasema hampelekei mtu, ni vya daku.